Irente, Makao ya Watoto

Makao ya Watoto ya Irente ni kituo cha kulea watoto wachanga kilichopo Irente, kilomita chache kutoka mji wa Lushoto, katika Milima ya Usambara, Mkoa wa Tanga. Kilianzishwa miaka ya 1960, na kinamilikiwa na Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT).

Kituo hupokea hasa watoto waliofiwa na mama zao wakati wa kujifungua au muda mfupi baadaye. Mtoto aliyekosa ziwa la mama huhitaji maziwa mbadala, maji safi, chanjo na joto, kwani baridi ya milimani ni kali. Familia nyingi za wakulima haziwezi kugharamia hayo. Akishaachishwa maziwa na kupata nguvu, lengo ni kumrudisha kwa baba, bibi au shangazi. Wasichana hufunzwa hapo malezi ya watoto.

Kazi hiyo huokoa wachanga, lakini kinga ya kweli ya uyatima ni kliniki ya wajawazito, mkunga mwenye ujuzi na usafiri wa haraka kwenda hospitali.