Staftahi na Mwendo wa Alfajiri katika Pwani ya Kiswere

Katika zama hizi, ambapo watu wa mijini huamka na mapema wakavaa viatu vya mpira na kukimbia kandokando ya barabara kwa kutafuta siha, limezuka suala ambalo hujadiliwa kwa bidii kana kwamba halikupata kuulizwa tangu dunia kuumbwa: je, mtu ale kwanza ndipo akimbie, au akimbie kwanza ndipo ale? Mimi nimelelewa katika pwani ya kusini, baina ya Kilwa na Lindi, upande wa ghuba ya Kiswere, na kila nisikiapo mjadala huo hunijia fikira kwamba babu zetu, ambao miguu yao ilikuwa ndiyo gari, ndiyo reli na ndiyo posta, walilijibu suala hilo kila kulipokucha kwa karne nyingi, na majibu yao yalitokana na mambo ambayo hayana uhusiano mkubwa na tumbo.

Lugha yenyewe ina ushahidi wake. Chakula cha asubuhi huitwa staftahi, neno lililotoka katika Kiarabu lenye maana ya kufungua na kuanza. Huitwa pia chamshakinywa, na kifungua kinywa, na siku hizi watu wengi husema chai tu, hata kama kilicholiwa ni muhogo wa kuchemsha na maji ya kisima. Majina haya yanakubaliana kwamba kinywa kililala kimefungwa, bali hayasemi kifunguliwe saa ngapi. Waarabu huita chakula cha asubuhi futuri, na sisi tulipolichukua neno hilo tukalihamishia magharibi ya Ramadhani, tukasema futari, hata ikawa kufungua kinywa kwetu ni jambo la jua kuchwa kama lilivyo la jua kuchomoza. Chakula kilichokuwa na saa yake maalumu kabla ya kazi ya mchana, na ambacho hakuna aliyethubutu kukichelewesha, kilikuwa daku peke yake, nacho kilikuwa na ngoma ya kuamsha watu na adhana ya kuwanyamazisha walaji. Miezi mingine kumi na moja kila mtu alikuwa na hiari yake, kama alikuwa na chakula.

Hapo kwenye sharti hilo la mwisho ndipo habari yote ilipo. Katika karne ya 19 njia za misafara zilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi pwani hii, na bandari yake kuu ilikuwa Kilwa Kivinje, na Lindi kusini yake, na baina yao ghuba ndogo kama Kiswere ambako majahazi yaliweza kujificha na upepo wa kusi. Zilishuka pembe za ndovu, sandarusi, nta, na baadaye mpira wa porini. Zikapanda nguo, shanga na baruti. Vitu vyote hivyo vilikwenda kwa kichwa na bega la mpagazi, mzigo wa kadiri ya frasila mbili, yaani ratili sabini, na mwendo wake haukuwa wa kutembeatembea.

Mpagazi aliamka kabla ya alfajiri. Kirangozi, ambaye ndiye kiongozi wa njia, alipiga baragumu au ngoma, watu wakagombania mizigo iliyo myepesi, wakashika njia kungali na baridi, kwa maana kila saa iliyotembewa kabla ya jua kupanda ilikuwa ni nafuu ya saa mbili za mchana. Walikwenda mpaka karibu na saa tano, wakatua penye maji, na hapo ndipo moto ulipowashwa na sufuria kuinjikwa. Mpagazi, kwa hiyo, alikuwa mtu wa kukimbia kwanza na kula baadaye. Lakini haikuwa kwa sababu alikaa akapima akaona mwili mtupu huenda vizuri zaidi. Posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kadiri ya ratili moja u nusu, ambayo ni robo ya pishi. Na nafaka hiyo ilikuwa mbichi, punje kavu zilizohitaji kinu, kuni, maji na wakati. Nani atwange mtama gizani? Mwenye busara alipika jioni, akala, akabakiza kiporo cha matonge mawili matatu akakifunga katika jani. Asiye na busara, au mwenye njaa kubwa zaidi, alimaliza vyote usiku, akaondoka alfajiri na kinywa kavu.

Wengine katika msafara ule ule walikula kwanza. Mwingereza Richard Burton, aliyekwenda bara kutoka pwani ya Bagamoyo hadi Tanganyika mwaka 1857 na akafika mpaka Kilwa mwaka 1859 kabla ya kurejea kwao, ameandika kwa urefu jinsi siku ya msafara ilivyoanza: watumishi wake Wagoa walimwandalia chai au kahawa ilipopatikana, au wali wa maziwa na mikate, au uji mwepesi; askari Wabaluchi walizunguka sufuria yao wakala na kuimba; na wapagazi, katika saa hiyo hiyo, walikuwa wamejikunyata kando ya moto wakiota, hawataki kuliacha joto lake. Burton aliwalaumu kwa uvivu. Mimi nikiisoma habari hiyo naona kambi moja yenye mioto mitatu, na sufuria juu ya mioto miwili.

Sitaki kurefusha habari ya wale waliotembea njia hizo bila ya hiari, maana kwao suala la kula kabla au baada halikuwapo. Mnamo tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini, na matokeo yake ya kwanza yalikuwa kwamba wafanya biashara wa Kilwa, waliozuiwa majahazi, waliwapeleka mateka wao kaskazini kwa miguu, wakifuata ufuko. Balozi mdogo wa Kiingereza aitwaye Frederic Elton alipita njia hiyo mwishoni mwa mwaka ule akaonana na misafara hiyo uso kwa uso. Mwendo wa siku nyingi uliongezwa juu ya mwendo wa miezi, na kibaba hakikuongezwa.

Miaka miwili mitatu baadaye Askofu Edward Steere, ambaye wengi tunamjua kwa kazi yake ya kukusanya hadithi za Kiswahili, alitoka Lindi kwa miguu kwenda bara, na mwaka 1876 akawapeleka watu waliokombolewa utumwani, ambao walikaa Masasi. Kazi ya kuongoza misafara ya misheni ya Steere aliifanya James Chuma, yule Myao aliyesaidia kuuchukua mwili wa Livingstone mpaka pwani. Siri ya mtu kama huyu haikuwa katika kupiga kelele alfajiri. Ilikuwa katika kujua jana yake maji ya kesho yako wapi, kwa sababu penye maji ndipo penye staftahi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko karibu zaidi na kwetu, katika kilima cha Tendaguru, kusini ya mto Mbwemkuru. Mhandisi mmoja wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliona hapo mwaka 1906 mifupa mikubwa imetokeza ardhini, na baina ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu kutoka Berlin, wakiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba masalia ya wanyama wa kale waitwao dinosaria. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na wakati kazi ilipopamba moto wafanya kazi walikaribia 500. Nchi ile ilikuwa imetoka tu katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza Matumbi mwaka 1905, na katika njaa iliyofuata baada ya majeshi kuchoma mashamba na maghala. Watu walihitaji fedha, na fedha ilikuwa katika mifupa.

Mifupa ile, zaidi ya tani mia mbili, ilitoka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku nne. Midogo ilifungwa ndani ya vikasha vya mianzi. Mikubwa ilining'inizwa katika miti, ikabebwa na watu wawili au wanne. Hebu fikiri juu ya mzigo huo. Pembe ya ndovu huweza kuegemezwa begani na mtu akabadilisha bega; jiwe lililokuwa mfupa wa paja, limefungwa udongo na majani, halina huruma, na watu wanaochukua mti mmoja ni lazima waende hatua moja, wapumue pamoja na wapumzike pamoja. Mmoja akiwa na tumbo lililojaa na mwenzake ana tumbo tupu, mwendo huharibika: wa kwanza hupata kichomi ubavuni katika mpando, na wa pili hulegea magoti katika mteremko. Kwa hiyo kula kwa pamoja, ama wote kabla ama wote baada, ni kanuni iletwayo na mti wenyewe. Anayekwenda leo katika jumba la makumbusho la Berlin huoneshwa mnyama mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Laiti wangeweka chini yake kinu kimoja na mchi.

Vita vya kwanza vya dunia viliugeuza upagazi kuwa msiba. Waingereza walizishika Kilwa na Lindi mwezi wa Septemba 1916, na Oktoba 1917 yakapiganwa huko Mahiwa, nyuma ya Lindi, mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya vita vile katika Afrika Mashariki. Mizigo ya majeshi yote ilikwenda kwa watu, na jina la kikosi chao limebaki mpaka leo katika mtaa wa Kariakoo. Watu hao walikufa zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na sababu moja kubwa ilikuwa ni chakula cha baada ya mwendo: walipewa mahindi, ambayo wengi wao hawakuyazoea, nao walifika kambini usiku wamechoka, kuni zimelowa, sufuria hazitoshi, wakala unga ambao haujaiva, nao ukawakwaruza matumbo wakaharisha mpaka wakafa. Wanaosema kwamba kula baada ya mwendo ndiko kwenye afya wakumbuke kwamba "baada" hiyo inataka moto na muda, na kwamba aliyechoka si mpishi.

Baada ya uhuru mwendo wa alfajiri ulirudi kwa sura nyingine, safari hii bila mzigo. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963, na desturi ya mchakamchaka, yaani kukimbia kwa safu huku watu wakiimba na kuitikiana, ikaenea katika makambi na katika shule za nchi nzima. Nami nilikimbia. Nakumbuka umande juu ya majani ya mikorosho, filimbi ya mwalimu, na mchanga ambao ulikuwa baridi katika nyayo. Nakumbuka pia kwamba asubuhi ambayo nyanya yangu aliniachia kipande cha muhogo chini ya kawa nilikimbia nikiwa na kichomi, na asubuhi ambayo hakuacha kitu nilikimbia nikiwa mwepesi hadi nusu ya njia, kisha nikaona nyota mchana. Mwalimu alitulaumu sote sawasawa.

Wataalamu wa siku hizi wanatuambia kwamba mwili huweka akiba ya sukari katika ini na katika misuli. Usingizi wa usiku hupunguza ile ya ini, lakini ile ya misuli hubaki karibu yote, na kwa hiyo mtu aliyekula vyema jioni aweza kukimbia saa nzima bila ya chakula na asipate dhara, ila akizidisha hapo hana budi kula. Wakimbiaji wa Iten, kule Kenya, hutoka gizani na matumbo matupu na kurejea kwenye chai ya maziwa na mkate. Sina ubishi nao. Naongeza tu kwamba elimu hii yote imejengwa juu ya maneno matatu, aliyekula vyema jioni, na mpagazi wa Kilwa angewauliza ni jioni gani hiyo.

Wavuvi wa Kiswere wana jibu lao, ambalo sijaliona likitajwa na pande zote mbili za mjadala. Hutoka kwa upepo wa umande, ule uvumao kutoka bara kabla ya jua, na upepo huo haungoji mtu amalize uji. Wengine hupata kikombe cha kahawa chungu barazani, pengine na kashata, kisha huingia maji ya magoti na kusukuma ngalawa. Kiporo cha usiku, wali wa nazi au ugali na kipande cha samaki, kimo ndani ya bakuli lililofunikwa kwa bakuli jingine na kufungwa kitambaa, limewekwa omoni pasipofika maji. Ngalawa ikishapita mwamba, tanga likashika upepo na mikono ikapata nafasi, nahodha hufungua fundo lile kwa meno, akachukua tonge la kwanza, akampitishia bakuli aliye karibu naye.