Uwanja Mkubwa wa Bruxelles

Mgeni akifika Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, wenyeji humpeleka kwanza kwenye uwanja wao wa kale. Wasemao Kifaransa huuita Grand-Place, maana yake Uwanja Mkubwa. Wasemao Kiflama huuita Grote Markt, maana yake Soko Kubwa. Jina hili la pili laonyesha asili yake, kwani hapo zamani palikuwa soko. Mpaka leo njia ndogo za kandokando zina majina ya vyakula: siagi, samaki, nyama na mkate.

Uwanja wenyewe una urefu wa mita 110 na upana wa mita 68. Upande mmoja lasimama jumba la baraza la mji. Mnara wake ulimalizika mwaka 1455, na kimo chake ni mita 96. Juu kabisa yuko Malaika Mkuu Mikaeli, msimamizi wa mji, akimkanyaga shetani.

Lakini nyumba nyingine nyingi si za wafalme wala za mabwana wakubwa. Zilikuwa za vyama vya mafundi. Waokaji mikate walikuwa na nyumba yao, vilevile wachinjaji, wapika pombe, maseremala na watu wa mashua. Chama kilifundisha vijana kazi na kuangalia kazi isifanywe ovyo. Kila chama kilikuwa na mtakatifu wake. Ukitazama nyumba ya waokaji utaona sanamu ya Mtakatifu Aubert, msimamizi wao. Nyumba ya watu wa mashua, sehemu yake ya juu imefanana na nyuma ya merikebu.

Sasa sikilizeni habari ya mwaka 1695. Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, alikuwa akipigana na mataifa mengi. Adui zake waliuzingira mji wa Namur, ambao askari wake waliushika. Basi jemadari wake Villeroy alikwenda Bruxelles, ili adui waache Namur na kukimbilia huko. Tarehe 13 ya mwezi wa nane mizinga ikaanza kupiga, ikaendelea mpaka tarehe 15, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Nyumba kama 4.000 zikaharibika. Uwanja ukawa majivu na mawe meusi. Mnara wa baraza, ambao wapiga mizinga waliulenga, ukabaki umesimama. Na faida ya uharibifu huo ni nini? Hakuna. Mwezi wa tisa Namur ikaanguka vilevile.

Je, watu wa Bruxelles walifanya nini? Hawakukaa kulia tu. Vyama vilikusanya mali, vikajenga upya pale pale pa zamani. Katika mwaka 1697 baraza la mji likaamuru kwamba mtu asijenge mbele ya nyumba yake kabla ya kuonyesha mchoro na kupata ruhusa, ili uwanja uwe mzuri wote pamoja. Baada ya miaka mitano hivi, sehemu kubwa ya kazi ilikwisha. Nyumba hizo ndizo wageni wanazozistaajabia leo, na mwaka 1998 UNESCO iliuandika uwanja huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini tusiseme uzuri peke yake. Hapo hapo damu ilimwagika. Tarehe 1 ya mwezi wa saba mwaka 1523, watawa wawili Waagustino walichomwa moto kwa sababu walishika mafundisho ya Luther. Na tarehe 5 ya mwezi wa sita mwaka 1568, wakuu wawili, Egmont na Hoorn, walikatwa vichwa. Egmont alikuwa Mkatoliki. Tena alimshindia mfalme Filipo wa 2 vita vikubwa. Askofu wa Ypres alimfariji katika usiku wake wa mwisho. Wauaji wao walidai kwamba wanalinda dini. Sisi Wakatoliki tusifiche mambo haya. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika mwaka 1965, ulitangaza wazi kwamba mtu asilazimishwe kwa nguvu katika mambo ya imani. Wale waliokufa uwanjani walilipa kwa uhai wao kabla neno hilo halijasemwa.

Basi uwanja huu watufundisha mambo mawili. La kwanza, mwenye nguvu aweza kubomoa mji kwa siku tatu, lakini kuujenga kwataka watu wengi wenye moyo mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi katika Kongo, tulioona miji na vijiji vikiharibiwa na vita, twalijua neno hili. La pili, anayejenga upya asizike ukweli chini ya mawe mapya. Wana wetu wajue palipojengwa vizuri, wajue pia palipotendwa vibaya, wasije wakarudia.