Boga Dogo Mlangoni, Ukili Uani

Oktoba ikifika, mitaa ya kaskazini mashariki mwa Marekani hujaa maboga. Yamewekwa kwenye ngazi za nyumba, barazani, mbele ya milango. Pengine utayakuta yamepangwa matatu: kubwa, la wastani, na kadogo kanakoenea kiganjani. Jirani anayepita huelewa bila kuambiwa kwamba humo ndani mna mama mjamzito, na waliokuwa wawili watakuwa watatu.

Mwezi huohuo, kwenye ua wa nyumba ya Pemba, mwanamke mwenye mimba ya miezi saba ameketi, amenyoosha miguu, anasuka ukili. Ukimuuliza anasuka nini, atakwambia anasuka mkeka. Wa nani, hasemi. Wenzake walioketi naye wanajua, na hakuna anayelitamka.

Boga lile na ukili huu ni majibu mawili ya swali moja: mtoto ambaye hajafika, tumfurahie vipi, na lini? Nalileta swali hili kwa sababu limeshaingia nyumbani mwetu. Wako Wakongo, Wakenya na Watanzania wanaolea mimba zao Marekani na Kanada, katikati ya majani yanayopukutika. Na huku kwetu, Dar es Salaam na Nairobi, bebi shawa, sherehe ya kumpongeza mjamzito kabla hajajifungua, imekuwa jambo la kawaida.

Tuanze na majira yenyewe ya kule. Wapo wanaoyaita majira ya kupukutika majani, na wapo wanaoyaazima jina la vuli. Miezi inakaribiana, lakini mambo ni tofauti. Kule mchana unafupika, kijani kinatoweka kwenye majani, manjano iliyokuwa imefichika inaonekana, nyekundu inajitokeza, kisha mti unabaki mtupu. Mavuno yameingia ghalani na watu wanajiandaa kukaa ndani. Huku kwetu vuli ni mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba, na mkulima anatia mbegu ardhini. Mjamzito wa kule anamngojea mwanawe wakati dunia inafunga milango, na wa kwetu anamngojea wakati udongo unafunguka.

Kazi za mikono za kule zinafuata hali hiyo. Watoto huokota majani mekundu na kuyabana katikati ya kurasa za vitabu yakauke yakiwa yamenyooka. Watu wazima huzungusha vijiti, matunda makavu ya msonobari na mbegu za mwaloni, wakapata shada la kutundika mlangoni. Boga hukatwa kifuniko, likatolewa mbegu, likachongwa macho na mdomo, na taa ikawekwa ndani usiku wa tarehe 31 Oktoba. Mila hiyo ilivuka bahari na wahamiaji kutoka Ayalandi. Kwao walikuwa wakichonga tanipu, mzizi mgumu na mdogo. Marekani wakakuta boga, kubwa na jepesi kulichonga. Boga asili yake ni bara hilohilo la Amerika, nalo limekwisha kuwa letu pia. Tunalipika kwa tui likawa futari, na majani yake ni mboga.

Halafu inakuja meza ya familia. Wamarekani wana Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Mwandishi Sarah Josepha Hale aliwaandikia marais kwa miaka mingi akiiomba iwe sikukuu ya taifa zima. Abraham Lincoln akaitangaza mwaka 1863, na sheria ya mwaka 1941 ikaifunga kwenye Alhamisi hiyo. Wakanada hushukuru mapema zaidi, Jumatatu ya pili ya Oktoba. Kote kuwili ni siku ambayo ndugu waliotawanyika hukaa meza moja, kwa hiyo habari nyingi za mimba husemwa hapo, mbele ya babu na bibi.

Ukitaka kuona pande hizi mbili zinapokutana, tazama nguo kuukuu. Wanawake wa Marekani walikuwa wakiketi kuizunguka fremu ya mbao, wanashona pamoja mfarishi wa viraka. Kiraka hiki kimetoka kwenye gauni la shangazi, kile shati la babu. Mfarishi mdogo ulikuwa wa kitanda cha mtoto, na mtoto alilala juu ya ukoo wake mzima kabla hajajua jina la mtu.

Pwani yetu, kazi hiyo ni ya kanga. Kanga mpya ina wanga na ni ngumu. Iliyofuliwa miaka, rangi ikapauka na maandishi yakafifia, huwa laini kuliko kitambaa chochote cha dukani. Hiyo ndiyo bibi huitoa sandukuni, akaikunja mara mbili, akaichana kwa mkono ikawa nepi. Doti nyingine huwekwa kando kwa ajili ya hospitali, ya kumpokelea mtoto na ya kumfunika mama. Mbeleko nayo hutoka humohumo. Na ukili una subira yake: ukindu unakatwa, unaanikwa, unachanwa vipande vyembamba, mwingine unachemshwa kwenye rangi, ndipo usukwe ukanda mrefu unaoshonwa hadi upatikane mkeka. Ni kazi ya wiki nyingi, kazi inayomfaa mtu anayesubiri.

Mikono, basi, inafanana. Ulimi ndio unaotofautiana. Bebi shawa ilienea Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watoto walipozaliwa kwa wingi na maduka yalipojaa bidhaa. Mjamzito huketishwa katikati, hupewa zawadi, na kila kitu hutajwa waziwazi. Kwetu wazee walikataza hata kununua nguo ya mtoto kabla hajazaliwa. Waliogopa jicho na husuda, lakini chini ya hofu hiyo palikuwa na majonzi ya kweli. Mama aliyewahi kuzika kichanga hataki kurudi nyumbani akute vishati vimekunjwa, vinamngoja asiyekuja. Wala hili si la Waafrika peke yetu. Familia nyingi za Kiyahudi, hukohuko Marekani, hazifanyi sherehe wala hazileti kitanda cha mtoto nyumbani hadi mtoto afike salama.

Sisi furaha yetu tuliisogeza mbele, hadi mtoto awe amefika. Mwanamke akishajifungua, jina lake linakuwa mzazi, na nyumba nzima humgeukia. Anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga. Kilimanjaro atapikiwa mtori. Siku ya saba Waislamu huchinja akika na mtoto hunyolewa. Siku ya arobaini mama hutolewa nje. Kwa siku hizo zote hapiki, hachoti maji, hafui.

Je, ipi bora? Natoa hukumu yangu kwa kila upande.

Kuhusu ukimya, naona tumekosea mahali. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aanze kliniki ndani ya wiki 12 za mwanzo. Wanawake wengi wa Afrika Mashariki huchelewa kuliko hapo, na baadhi yao huchelewa kwa sababu mimba changa haisemwi. Siri inayomficha mama kwa mwenye husuda inamficha pia kwa mkunga. Jirani akinyimwa habari si kitu. Mkunga hapaswi kunyimwa, na wahenga walituonya tusiwatukane wakunga ilhali uzazi ungalipo. Kumficha mkunga mimba ni kumdharau pia.

Kuhusu wakati wa sherehe, wazee wetu waliona mbali. Wiki sita baada ya kujifungua ni kipindi cha hatari kwa mama: kutoka damu, homa, kifafa cha uzazi, huzuni isiyo na sababu anayoweza kuitaja. Siku 40 zinakaribia kabisa wiki hizo sita. Wamarekani wanampa mjamzito mchana mmoja wa zawadi, lakini sheria yao ya taifa ya mwaka 1993 inampa mfanyakazi aliyetimiza masharti likizo ya wiki 12 tu, bila malipo. Sheria ya kazi ya Tanzania inatoa siku 84, yaani wiki hizohizo 12, na mshahara wake. Ila mama lishe, muuza samaki na mkulima hawana mwajiri wa kuwalipa. Likizo yao ni ndugu zao. Arobaini ndiyo sheria yao ya uzazi.

Ndiyo maana bebi shawa zinazokua mijini zinanitia wasiwasi. Sina ugomvi na furaha. Nina ugomvi na michango inayomalizika ukumbini, kwenye maputo na keki, kisha wiki mbili baada ya kujifungua mzazi yuko peke yake chumbani, mtoto analia na uji hakuna wa kuupika. Tulichokipokea ni ukumbi. Kilichofaa kupokewa ni ile fremu ya mfarishi: watu kuketi pamoja, mikono ikiwa kazini, na mjamzito akasikia kwamba hayuko peke yake. Jambo hilo tulikuwa nalo uani, kwenye ukili.

Ndugu msomaji, vuli hii kama nyumbani kwenu yuko mjamzito, mfuate. Muulize kama ameshaanza kliniki. Toeni kanga kuukuu sandukuni, mkae naye mzichane nepi. Aliye Marekani akapanga maboga matatu mlangoni, hongera yake. Na amwite mama yake au dada yake aje mtoto akizaliwa. Mchango wako ugawe mara mbili, na fungu kubwa liwe la baada ya kujifungua. Fungu hilo ndilo litakalonunua unga wa uji.