Saa ya Mfukoni Iliyovaliwa Mkononi: Namna ya Kupima Ukweli Wake

Wazee wetu wa Bijombo walipima siku kwa jua na kwa ng'ombe: wakati wa kukama, wakati wa kupeleka malishoni, wakati wa kurudisha zizini. Saa ya chuma ilikuja baadaye, ikipandia kando ya ziwa. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858, Stanley na Livingstone wakapita kaskazini mwa Tanganyika mwaka 1871. Siku zile mwanaume alibeba saa mfukoni, hakuifunga mkononi.

Vita ndiyo iliyohamisha saa. Katika vita ya Makaburu (1899-1902), askari wa Kiingereza walitia saa zao za mfukoni ndani ya kikombe cha ngozi chenye mkanda. Kisha ikaja vita ya 14-18. Askari mwenye bunduki mkononi hana nafasi ya kufungua koti ili atazame saa. Basi mafundi wakachomelea waya pande mbili za saa ndogo za mfukoni, wakapitisha mkanda. Vita ile ilitufikia na sisi: mwaka 1916 Force Publique ya Jenerali Tombeur ilivuka ngambo, ikaingia Kigoma mwezi wa saba, na Tabora tarehe 19/9/1916. Wapagazi makumi ya maelfu walibeba mizigo yake.

Ndiyo sababu mtu akifungua kitambaa na kutoa saa ya zamani, ni rahisi aseme: "Hii iko saa ya babu, ilitoka vita ya Tabora." Tumsadiki? Tusimcheke, lakini tuiulize kwanza saa yenyewe.

Tupime upana wake. Saa za kwanza zilizotengenezwa kwa ajili ya mkono zilikuwa ndogo, milimita 30 hadi 36 hivi. Ikipita milimita 45, yaelekea ilizaliwa mfukoni.

Tutafute mahali pa pete. Saa ya mfukoni ilikuwa na pete ya kushika mnyororo, karibu na kifungo cha kutilia ufunguo. Fundi akiitoa, mara nyingi vinabaki vishimo viwili vidogo shingoni.

Tuangalie mshale mdogo wa sekunde. Saa ya mfukoni isiyo na kifuniko ina kifungo juu kwenye 12, na sekunde chini kwenye 6. Ikigeuzwa ili kifungo kikae upande wa 3, na uso wake ukibadilishwa, sekunde zinajikuta kwenye 9. Ile yenye kifuniko ina kifungo kwenye 3 na sekunde kwenye 6, sawa na saa nyingi za mkono. Hiyo tuipime kwa alama zingine.

Mwisho, tusome mihuri ndani ya kasha. Kwa sheria ya Uswisi ya 1880, dubu alionyesha fedha ya 0,875. Tena lehemu ya zamani imechakaa pamoja na kasha. Ile inayong'aa peke yake ni ya juzi.

Hapo tunapata aina tatu. Kuna saa iliyotengenezwa kwa mkono tangu mwanzo. Kuna ya mfukoni iliyogeuzwa zamani kwa sababu mwenyewe aliihitaji: hiyo ni ya kweli, na lile kovu la lehemu ni sehemu ya historia yake. Na kuna mashine ya zamani iliyotiwa juzi katika kasha jipya, mara nyingi lenye kioo mgongoni, kisha ikauzwa eti ni ya vita. Mashine haidanganyi, muuzaji ndiye anadanganya.

Kwa nini tujisumbue? Tangu mapigano ya 2018 na miaka iliyofuata, familia nyingi za Bijombo zilikimbia. Nyumba zilichomwa, ng'ombe zikaporwa. Kwa wengi kilichobaki ni kile kilichoenea mfukoni. Kitu kidogo kikibaki peke yake, tunashawishika kukibebesha historia nzima. Lakini wapagazi wale wa 1916 wengi hawana jina katika vitabu. Tukitundika hadithi ya uongo kwenye saa moja, siku itakapovunjwa na mjuzi, hata ushuhuda wa kweli wa jirani utadharauliwa.

Basi tunaomba kila nyumba ifanye hivi. Tusiisugue saa, wala tusiifungue ovyo: zile zilizokuwa zinang'aa usiku zinaweza kuwa na radiamu, na vumbi lake ni hatari hata kama mwanga umezimika. Tuandike katika daftari nani aliipata, kwa nani, na nani alitusimulia. Palipo na "tulisikia" tuandike "tulisikia". Palipo na "tuliona" tuandike "tuliona". Babu hapungukiwi heshima saa yake ikionekana ni ya 1930. Heshima inapungua tukimsemea asichosema.