Fremu ya alumini (sehemu ya 3)

Nimetoka zamu ya usiku, ila mmeuliza sana inboksi: hii baiskeli ya resi ninayoijenga, kwa nini fremu ya alumini na siyo chuma kama Phoenix ya mzee?

Alumini ina uzito wa kama theluthi moja ya chuma, lakini ukakamavu nao ni theluthi hivyo hivyo. Bomba jembamba kama la Phoenix lingeyumba. Dawa ilipatikana Marekani miaka ya 1970, Gary Klein na wenzake chuo cha MIT: nenepesha bomba, ukuta wake uwe mwembamba. Mwaka 1983 Cannondale wakaanza kuuza za namna hiyo. 1998 Marco Pantani akachukua Tour de France na Bianchi ya alumini.

Sasa rudi Kihesa. Phoenix ya mzee ilikatika mara mbili, fundi akachomelea, ikarudi kubeba mkaa. Alumini haitaki hivyo. Moto wa kuchomelea unailegeza pembeni ya kiungo. Kiwandani huipika fremu kwenye tanuri ndipo nguvu irudi. Hapa nani ana tanuri hilo? Halafu inachoka kidogo kidogo, kila tuta.

Kwa hiyo ya mtumba niliikagua kama mgonjwa: kitambaa, tochi ya simu, kiungo kwa kiungo. Ya kwanza, nyekundu, nzuri mno, ilikuwa na mstari kama unywele chini ya shingo. "Rangi tu hiyo, dada." Nikaiacha. Niliyochukua imekwaruzika, ila viungo visafi. Jumamosi nashuka nayo Ipogolo. Kupanda kurudi ndiyo sababu nataka nyepesi.