Masomo ya Biashara na Msamiati Wetu
Mwaka 1908 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilianzisha shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Masomo ya lazima yalikuwa matatu: kanuni za uhasibu, mikataba ya biashara na rasilimali za kiuchumi za Marekani. Fedha na masoko yalifuata.

Hata hivyo, katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Tanganyika na maneno yenye asili ya Kiarabu: hesabu, faida, hasara, deni, rasilimali.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwanafunzi wa Bujumbura anayesoma uhasibu kwa Kifaransa au Kiingereza atamweleza vipi hasara mteja wa Buyenzi au Kigoma? Walimu wenzangu, msamiati huu nao ni somo la lazima.