Nyumba za Mateka: Jamaa na Imani katika Freretown ya Kale

Kabla ya mji wa Freretown kuwako, palikuwako kaburi. Mwezi wa Julai 1844 Dakta Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha CMS cha Uingereza, alimzika mkewe Rosine katika bara ya Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na baada ya siku chache akamzika na binti yao mchanga, ilhali yeye mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Walikuwa wageni wa miezi michache tu katika pwani hii. Mwaka 1851, huko Rabai, alibatiza mtu wake wa kwanza, Mnyika kiwete jina lake Mringe, aliyekuwa akikata roho. Mke, mtoto, na muumini mmoja aliyekufa: hayo ndiyo yaliyokuwa mavuno, na mtu mwenye kupima mambo kwa hesabu ya dunia angeliona kwamba kazi ile imekwisha.

Hata ilipofika 1875, miaka 31 baada ya mazishi yale, na mwendo mfupi tu kutoka kaburi lile, wakaanza kushushwa ufukweni watu ambao kila mmoja wao alikuwa amefiwa zaidi ya Krapf. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said wa Unguja alikuwa ametia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuharimisha kuwasafirisha baharini, na manowari za Kiingereza zikawa zinavizia majahazi kati ya Kilwa, Pemba na Arabuni. Lakini kukamata jahazi ni jambo moja, na kujua pa kuwapeleka waliomo ni jambo jingine. Mtoto aliyenyakuliwa kando ya ziwa Nyasa, akaswagwa miezi mizima hadi Kilwa, angerudi wapi? Kijiji chake aghalabu kilikwisha teketezwa, njia yenyewe bado ilikuwa na wale wale waliomnyakua, na pengine umri wake ulikuwa mdogo hata asijue kulitaja jina la nchi yake ila kwa namna mama yake alivyolitamka. Zamani watu kama hao walipelekwa Aden, Shelisheli, Morisi au Bombay. Sasa, kwa shauri la Sir Bartle Frere, aliyekuwa amekuja Unguja kwa ajili ya mkataba ule, CMS ilimleta Padre William Salter Price, naye akanunua shamba huko Kisauni, akaujenga mji ulioitwa kwa jina la Frere.

Price hakuanza na mikono mitupu. Alikuwa amekaa miaka mingi Nasik, katika Bara Hindi, akiwalea vijana wa Kiafrika waliookolewa baharini wakapelekwa Bombay, wakasomeshwa dini na kufundishwa kazi za mikono; na wapatao 150 kati ya watu hao wakakusanyika kwake Mombasa. Tangu 1864 watatu wao, William Jones, Ishmael Semler na George David, walikuwa wamekwisha tangulia Rabai kumsaidia Johannes Rebmann, mzee aliyekaa huko mpaka macho yake yakapofuka. Hao ndio waliokuwa wenyeji wa kwanza wa kuwapokea mateka, kwa maana mateka ndilo jina walilopewa watu walioshushwa na manowari. Mtu aliyewahi kufungwa mnyororo ule ule alimpokea ndugu yake aliyefunguliwa jana. Naona neema kubwa katika jambo hilo, na wanaoiandika tarehe ya Freretown kwa majina ya maaskofu na mabalozi tu huipita mbio.

Mtu akitaka kufahamu ni kitu gani kiliwatia nguvu watu hawa, na atazame kwanza walichonyang'anywa. Mzigo, kiboko na njaa ya njiani ni mambo yanayoonekana, na yamesimuliwa sana. Lakini msiba wa ndani zaidi ulikuwa ni kukatwa nasaba. Mtumwa hakuwa na mjomba wa kumtetea, wala shangazi wa kumwombea, wala babu wa kumtambikia. Na katika mambo ya ndoa, ambayo ndiyo mlango wa kila ukoo, sheria iliyotawala pwani ilimtaka apate idhini ya bwana wake. Bwana ndiye aliyemwoza mjakazi, na watoto wa mjakazi waliohesabiwa mali walikuwa mali ya bwana huyo huyo. Kwa hiyo mtu aliyefunguliwa mnyororo na kupewa jembe alikuwa amepata nusu tu ya uhuru wake. Nusu ya pili ilikuwa ni kupata watu wa kuwaita wake.

Na hapo ndipo kanisa, labda bila ya wakubwa wake kukusudia, lilipowapa mateka kitu walichokihitaji kuliko nguo na chakula. Tazama taratibu za Kitabu cha Sala cha Waanglikana, ambazo kwa mtu aliyezaliwa Uingereza zilikuwa desturi tu za Jumapili. Ndoa hutangazwa kanisani mara tatu, Jumapili tatu, ili mwenye neno aliseme. Basi katika mji ambao bi harusi hana kaka wala mjomba wa kuuliza habari za mchumba, mkutano mzima wa waumini ulisimama mahali pa ukoo, ukapewa haki ya kusema ndiyo au siyo. Siku ya ndoa kasisi huuliza ni nani amtoaye mwanamke huyu kuolewa, na swali lile halina budi kujibiwa na mtu aliyesimama kama baba. Kwa hiyo ikabidi apatikane baba. Mwanamke ambaye huko alikotoka angeozwa na aliyemnunua, leo anatolewa kwa hiari na mzee aliyesafiri naye jahazi moja, au na fundi aliyerudi kutoka Nasik, ambaye tangu siku hiyo hana njia ya kujivua ubaba ule. Kisha akizaliwa mtoto wa kiume, kitabu kinataka wadhamini watatu wa ubatizo, wanaume wawili na mwanamke mmoja, na akiwa wa kike, wanawake wawili na mwanamume mmoja. Mtoto asiye na babu hata mmoja juu ya ardhi hii alitoka kisimani mwa ubatizo ana wazee watatu, mbali na baba yake na mama yake.

Sisemi kwamba watu wale waliichukua dini kama hila ya kupata jamaa. Walisali kwa sababu waliamini. Na aliyeokolewa kutoka katika tumbo la jahazi hakuhitaji kufundishwa sana ili kuielewa habari ya wana wa Israeli na bahari. Lakini imani yao haikukaa kanisani peke yake ikingojea Jumapili. Iliingia nyumbani, ikawa ndiyo iliyowapa mume na mke sababu ya kushikana, na nyumba nayo ikairudishia imani hiyo mahali pa kuishi siku sita za juma. Ndivyo ilivyokuwa pia huko Bagamoyo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu, tangu 1868, waliwaoza vijana waliokombolewa na kuwapa makao katika kijiji cha Kikristo, na huko Mbweni ya Unguja, kwa watu wa UMCA, chama kingine cha misheni cha Waanglikana.

Isidhaniwe kwamba ndani ya Freretown palikuwa peponi. Wasimamizi wengine walitawala kwa ukali usiolingana na Injili waliyoileta; mwaka 1881 habari za viboko na vifungo zilifika mpaka London, na msimamizi ikambidi aondoke. Makabila yalikuwa mengi, Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, na Kiswahili tu ndicho kilichowaunganisha. Vyakula vilikuwa haba, homa nyingi. Wenye watumwa wa Mombasa waliutazama mji ule kwa jicho la uadui, na kengele iliyotundikwa juu ya mnara wake, ambayo mpaka leo imelipa mtaa ule jina la Kengeleni, husimuliwa na wenyeji kwamba ilipigwa kuwaonya watu pindi washambulizi walipokaribia. Watu wapitao hapo kwa matatu kuelekea Nyali au Kisauni wauona mnara wenyewe ukiwa mdogo na mnyonge kando ya barabara. Lakini kuna usiku ambao uhai wa mama na watoto ulining'inia kwenye kamba yake.

Walioteswa zaidi ni ndugu zao wa kusini. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA aliwaongoza kutoka Unguja watu huru wapatao hamsini, waume kwa wake, waliotamani kurudi nchi za Nyasa, wakakomea Masasi, wakajenga, wakalima, wakazaa. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, wakawavamia. Wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka mara ya pili katika maisha yao. Moyo husita kuyafikiri hayo: mtu amekwisha kuonja utumwa, amekwisha kuozwa kanisani, amezoea kuitwa baba, kisha anasikia tena kamba shingoni. Waliosalia walihamia Newala wakaanza upya. Na ni katika nchi hizo hizo za Wayao, huko Chitangali, alikokwenda mwaka 1886 Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, pamoja na mkewe Lucy. Na mwaka 1890 akawekewa mikono kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ya UMCA kufika daraja hiyo. Alikwenda kama mtu mwenye nyumba, na kwa watu wa bara, ambao hawamsikilizi sana mtu asiye na mke wala watoto, hilo lilikuwa hubiri kabla ya hubiri.

Turudi Rabai, kwa William Jones. Mei 1885 Askofu James Hannington aliwaweka yeye na Semler kuwa mashemasi, na Julai Jones akaiacha familia yake akafuatana na askofu kwenda Uganda kwa njia mpya ya Umasai. Walipofika kwa Sundu, mahali paitwapo leo Mumias, askofu akatangulia na watu wapatao hamsini, akamwacha Jones na mizigo na kundi kubwa la wapagazi. Tarehe 29 Oktoba, huko Busoga, askofu aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wote waliokuwa naye wakauawa isipokuwa wachache waliotoroka wakamletea Jones habari. Jones alingoja mwezi mzima, asikubali kuamini, akitumai huenda yuko aliyesalia. Kisha akakusanya watu waliochoka na wenye njaa akawarudisha pwani. Mwanzoni mwa Februari 1886 msafara ule uliingia Rabai nyuma ya bendera ya buluu yenye herufi nyeupe zilizoandikwa jina Ikabodi.

Ni nani aliyelichagua jina lile asijue Biblia yake? Katika kitabu cha kwanza cha Samweli mke wa Finehasi, akiwa mjamzito, anapata habari kwa mara moja kwamba sanduku la Mungu limetekwa, na mkwewe amekufa, na mumewe amekufa. Uchungu unamshika, anajifungua mtoto wa kiume, anamwita Ikabodi, na yeye mwenyewe anakata roho. Jones angaliweza kuandika aya ya ushindi au ya faraja. Akalichukua jina lililotamkwa na mjane kitandani, akalileta Rabai, ambako wake walikuwa wamengoja miezi saba kuona ni nani atakayetokea nyuma ya bendera. Waliwalilia wafu wao kwa maneno ya Maandiko, na kwa namna hii naamini walipata ruhusa ya kulia kweli kweli. Imani isiyomruhusu mjane alie haimfai kitu.

Rabai yenyewe ilikuwa na siri yake. Chini ya ulezi wa Jones na wenzake watoro walikuwa wakiingia mmoja mmoja, wakijichanganya na Wakristo, wakijenga, wakioana. Mwaka 1888 mabwana zao wa Mombasa wakatishia vita. Wamisionari walikuwa wameahidi kutowapokea watoro; lakini kila mtoro alikwisha kuwa mkwe wa mtu, au mdhamini wa mtoto wa mtu, na kumtoa mmoja ilikuwa ni kuzivunja nyumba tatu. Ukoo ule uliofumwa kanisani ukawa boma. Bwana George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki akaona heri kulipa fidia, na mwanzoni mwa Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati zao za uhuru. Hawakufumbata bunduki, walifumbata watoto. Mwaka huo huo kanisa la Emmanuel likakamilika Freretown.

Baadaye ikaja njaa kubwa ya mwishoni mwa karne, ambayo Wamijikenda waliiita Magunia kwa ajili ya chakula kilicholetwa kwa magunia, na hiyo nayo ikapita; na mwaka 1907 hali ya utumwa ikafutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Wana wa Freretown walikuwa wamekwisha tawanyika kuwa walimu, makarani na makasisi katika nchi ambazo wazazi wao hawakuzijua, na chuo cha wachungaji cha Freretown kikahamia Limuru mwaka 1930.

Miaka minne baada ya hapo, 1934, James Juma Mbotela, mwana wa mateka, alitoa kitabu kwa Kiswahili akakiita Uhuru wa Watumwa. Ndani yake yamo mambo ya kukamatwa, ya safari ya kwenda pwani, ya jahazi na ya manowari, ambayo yeye hakuyaona kwa macho yake, kwani alizaliwa baada ya hayo. Mtumwa hakuwa na wa kumrithisha habari hizo. Wazee wa Freretown walikuwa nao, wameketi nao nyumba moja, wakawasimulia.